Kununua farasi wa iventingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayetafuta farasi wa kushindana naye, si wa kupigia picha. Mengi ni maswali ambayo wanunuzi huuliza kabla ya kutoa pesa. Machache huwajia wakishazitoa.

Farasi wa iventingi ni yupi hasa?

Ni farasi mmoja anayefanyishwa mitihani mitatu. Kwanza ni dresaji: anaingia uwanja wa mstatili na kufanya mizunguko na mienendo iliyopangwa mbele ya majaji, ametulia na anamsikiliza mpandaji. Pili ni mbio za nyika: anakwenda kasi uwandani akiruka magogo, mitaro, kingo na vizuizi vya majini, vingi vikiwa vimekazwa ardhini. Tatu ni kuruka viunzi uwanjani, ambako mti wa kiunzi ukiguswa vibaya unaanguka.

Mchezo huu ulizaliwa jeshini, na ulipoingia Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm, washindani walikuwa maofisa wa jeshi. Walichotaka ni farasi mtiifu gwarideni, jasiri njiani, na ambaye kesho yake asubuhi bado anatembea bila kuchechemea. Hadi leo unachonunua ni hicho hicho.

Kati ya sehemu hizo tatu, ipi niipe uzito zaidi?

Mbio za nyika. Wanunuzi wengi hufanya kinyume, kwa sababu mwendo mzuri wa dresaji unaonekana haraka na unapendeza machoni.

Piga hesabu mwenyewe. Alama za dresaji hugeuzwa kuwa adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi: aliyepata asilimia 75 anaanza na adhabu 25, aliyepata asilimia 65 anaanza na 35. Pengo ni pointi 10. Sasa nendeni nyikani. Kugoma mara moja mbele ya kizuizi ni adhabu 20. Kugoma mara ya pili kwenye kizuizi hicho hicho ni 40 zaidi. Kila sekunde unayochelewa kupita muda uliowekwa ni 0.4. Mti mmoja ukianguka siku ya viunzi ni 4. Yule mrembo wa asilimia 75 akigoma mara moja tu ana 45, na yule wa kawaida aliyemaliza safi bado yuko kwenye 35 zake.

Kwa hiyo mwendo wa wastani unavumilika, na dresaji inafundishika kwa miaka. Farasi asiyependa kupita katikati ya zile bendera mbili, nyekundu kulia na nyeupe kushoto, hana mwalimu wa kumpa moyo huo. Anaweza kulazimishwa kwa muda, lakini vizuizi vikiongezeka kimo atakukumbusha msimamo wake.

Nitajuaje kwamba ana moyo wa nyika?

Usimhukumu kwa kizuizi alichokizoea nyumbani kwao. Omba aonyeshwe kitu kigeni, kisha mtazame masikio na miguu. Kipimo kizuri ni maji. Farasi mwenye akili ya kazi hii akifika ukingoni hupunguza mwendo, hushusha kichwa, hunusa, pengine hukoroma puani, halafu anaweka mguu mmoja na kuingia. Kusita hivyo si kosa. Ni uangalifu, na uangalifu ndio unaookoa shingo zenu nyote wawili. Wa kuogopa ni yule anayegeuka ghafla kwa bega kabla hata hajatazama, au anayejitupa mbele kwa pupa bila kuangalia anatua wapi.

Jambo la pili ni anavyojiokoa. Mwelekeze vibaya kidogo kwenye kizuizi kifupi, au mwombe mpandaji wake afanye hivyo. Je, anapanga miguu mwenyewe, anaongeza hatua fupi na kuruka? Au anangoja aambiwe kila kitu? Mpandaji wa kawaida hukosea hatua mara kwa mara, na anahitaji farasi anayejua kufikiri bila kusubiri amri.

Aina gani ya farasi ni bora?

Kwa ngazi za mwanzo, zenye vizuizi vya sentimita 80 hadi mita moja, karibu farasi yeyote mzima wa miguu na mwenye nia anatosha. Karatasi ya ukoo huanza kuwa na maana ngazi zikipanda. Katika ngazi ya nyota tano, ambayo ndiyo kilele, mwendo ni mita 570 kwa dakika kwa takriban dakika 11, na vizuizi vilivyokazwa hufika mita 1.20. Hapo damu ya Thoroughbred, yaani farasi wa mbio, inahitajika kwa wingi, kwa sababu ya pumzi na wepesi.

Zamani ilihitajika zaidi. Kabla ya mfumo mfupi ulioanza kutumika Olimpiki mwaka 2004 kule Athens, siku ya nyika ilikuwa pia na safari ndefu za barabarani na mbio za viunzi vya kasi. Zilipoondolewa, farasi wa michezo wa Ulaya kama Hanoverian, Holsteiner na Selle Français, wenye mwendo mzuri wa dresaji, walipata nafasi kubwa zaidi. Irish Sport Horse, mchanganyiko wa Irish Draught na Thoroughbred, wamekuwa wakitafutwa nyakati zote mbili, na sababu ni zile akili za kujiokoa nilizozitaja.

Farasi aliyestaafu mbio anafaa?

Anaweza kufaa sana, na mara nyingi bei yake ni ya chini. Ila ujue unachochukua. Amefundishwa kwamba hatamu zikikazwa aegemee lijamu na kuongeza kasi. Wewe utataka afanye kinyume. Hilo linachukua miezi, si wiki. Pia miguu yake imeshafanya kazi nzito akiwa mdogo. Kano za mbele zipimwe kwa ultrasaundi hata kama zinaonekana safi, kwa sababu kano iliyowahi kuchanika hupona kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama kano yenyewe.

Kwa mpandaji anayeanza bila mwalimu wa karibu, jibu langu ni hapana.

Awe na umri gani?

Inategemea nani kati yenu ndiye mwalimu. Kama wewe bado unajifunza, chukua aliyezoea, wa miaka 9 hadi 14, aliyekwisha shindana kwenye ngazi unayoitaka au moja juu yake. Kama una uzoefu wa kufundisha farasi, wa miaka 4 au 5 atakupa nafasi ya kumjenga, mradi huna haraka: mifupa ya mgongo haijakomaa kabla ya miaka mitano na kitu. Kanuni zenyewe zinalinda hilo, maana farasi haruhusiwi kwenye nyota tano kabla ya kufikisha miaka 8.

Kuhusu wazee, watu huogopa kupita kiasi. La Biosthetique-Sam, farasi wa Mjerumani Michael Jung, alichukua dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012, akairudia Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 16. Hao ni wachache, kweli. Lakini wa miaka 15 mwenye miguu safi, aliyetunzwa na kupumzishwa, anaweza kumfundisha kijana mambo ambayo hakuna mwalimu wa miguu miwili anayeweza kuyaeleza kwa maneno. Lipa kidogo, tarajia misimu michache, na uwe na mpango wa kustaafu kwake kabla hujamchukua.

Lazima awe mkubwa?

Hapana. Charisma, aliyempa Mark Todd wa New Zealand dhahabu mbili za Olimpiki mwaka 1984 na 1988, alikuwa na kimo cha takriban sentimita 160 begani, na mpandaji wake ni mrefu ajabu. Mwaka 2007 Theodore O'Connor, ambaye kwa kimo chake cha sentimita 145 hivi ni poni, alimaliza wa tatu kwenye shindano la Kentucky, Marekani, la ngazi ya juu kabisa.

Angalia uzito wako badala ya urefu. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba wewe pamoja na tandiko msizidi asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa farasi. Halafu angalia kama miguu yako inamkumbatia mahali panapofaa. Farasi wakubwa sana wana tabu zao: ni wazito kwenye viungo, na matatizo ya koo huonekana kwao zaidi.

Jike, dume, au aliyehasiwa?

Aliyehasiwa ndiye rahisi kuishi naye. Jike akikupenda atakufanyia kazi kuliko wote: fischerRocana alishinda Kentucky miaka mitatu mfululizo, 2015 hadi 2017, na Amande de B'Neville alimpa Julia Krajewski dhahabu ya mtu mmoja mmoja kwenye Olimpiki ya Tokyo. Dume mwachie mwenye mabanda na mikono ya kumweza.

Nitafute wapi, na je, nitumie dalali?

Anza kwa watu wanaoshindana. Makocha, madaktari wa wanyama, mafundi wa kwato na wasimamizi wa mashindano hujua farasi gani anauzwa na kwa nini, wiki kadhaa kabla tangazo halijatoka. Farasi unayemwona akishindana bila mwenyewe kujua kwamba unamtazama amekupa habari nyingi kuliko video kumi.

Dalali mzuri anaokoa muda na mafuta. Ila mwulize mapema, kwa maandishi, nani anamlipa. Dalali anayekula kamisheni kwa muuzaji na kwako pia, bila kuwaambia nyote wawili, hafanyi kazi yako. Hivyo hivyo kwa kocha wako mwenyewe: hakuna ubaya kumlipa kwa kazi ya kutafuta, ubaya ni kufichwa. Ukisikia "kuna mwingine anakuja kesho na fedha taslimu," mwache huyo mwingine aje.

Niulize nini kwenye simu kabla ya kusafiri?

Uliza kwa nini anauzwa, amekaa na mwenye naye muda gani, na amewahi kuchechemea au kutibiwa nini. Uliza kama anatafuna mbao huku akivuta pumzi, au anayumba yumba mlangoni mwa banda. Anapandaje gari? Anakubali kubaki peke yake wenzake wakiondoka? Anavumiliaje fundi wa kwato? Haya ya mwisho watu huyaona madogo, kumbe farasi asiyepanda gari hafiki kwenye mashindano.

Omba video isiyokatwa ya raundi nzima ya nyika. Video iliyounganishwa vipande vya kuruka vizuri tu inaonyesha ustadi wa mhariri.

Kisha ingia kwenye rekodi. Shirikisho la kimataifa, FEI, lina hifadhidata ya matokeo iliyo wazi mtandaoni, na mashirikisho mengi ya nchi yana za kwao. Soma kama mpelelezi. Kushika nafasi ya 20 bila adhabu nyikani ni habari njema. Kuondolewa au kujitoa mara mbili kwenye ngazi ile ile kunahitaji maelezo. Pengo la miezi minane bila shindano lolote linahitaji maelezo pia, na mara nyingi maelezo hayo yako mguuni. Farasi aliyebadilishiwa wapandaji wanne kwa miaka miwili, ninamwogopa hata akiwa na vikombe.

Siku ya kumjaribu nifanye nini?

Fika mapema kidogo kuliko ulivyoahidi. Unataka kumkuta bandani, hajapandwa, hajatoka jasho. Farasi anayekungoja ametandikwa na tayari amelowa pengine alichoshwa kwanza ili atulie.

Mwangalie akitolewa, akipigwa mswaki, akitandikwa. Akikunja masikio na kuuma hewa mkanda wa tumbo ukifungwa, andika: inaweza kuwa mazoea, inaweza kuwa maumivu ya mgongo au vidonda vya tumbo.

Kabla ya kupanda, omba atrotishwe, yaani aendeshwe mwendo ulio kati ya kutembea na kukimbia kasi, kwa kamba kwenye sehemu ngumu, mstari ulionyooka, kamba ikiwa imelegezwa. Sikiliza kwanza, macho baadaye. Miguu inapaswa kugonga kwa mapigo yaliyo sawa. Kisha tazama kichwa: kikiinuka kila mguu fulani wa mbele unapokanyaga, mguu huo unauma. Chuchumaa sasa, pitisha vidole nyuma ya ugoko wa kila mguu wa mbele, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kwato. Kano inapaswa kuwa baridi, nyembamba na kali pembeni kama kamba iliyovutwa. Ukikuta joto, uvimbe laini, au upande mmoja mnene kuliko mwenzake, uliza hapo hapo, na utazame uso wa anayejibu.

Mwenyewe au mpandaji wake apande kwanza. Asiyetaka kumpanda farasi wake mbele yako ameshakupa jibu. Ukipanda wewe, usitafute kumwonyesha mtu kwamba unajua. Mpande kama unavyopanda siku ya kawaida ukiwa umechoka, na makosa yako yote. Fanya dresaji kidogo, viunzi vichache, kisha nyika: gogo, mtaro, kushuka ukingo, maji. Mtoe peke yake umbali fulani kutoka kwa wenzake. Baada ya shoti, je, anarudi mkononi ukimwomba? Usalama wako uko kwenye hilo breki zaidi ya kwenye kuruka.

Rudi siku nyingine. Farasi wa Jumamosi na farasi wa Jumanne wanaweza kuwa watu wawili tofauti.

Uchunguzi wa daktari ni wa lazima? Muuzaji ana vyeti vya karibuni.

Ni wa lazima, na daktari awe wako, si yule anayemtibu farasi huyo kila siku. Uchunguzi kamili una hatua tano: kukaguliwa akiwa amesimama, kutembezwa na kutrotishwa, kufanyishwa kazi mpaka ahemke, kupumzishwa huku akitazamwa, na kutrotishwa tena. Katikati humo viungo hukunjwa kwa muda mfupi na kuachiwa atroti, ili kuona kama kuna kinachouma. Moyo husikilizwa, akiwa ametulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Anapokimbia, daktari husikiliza pumzi: mlio wa kukoroma unaweza kuashiria upande wa kushoto wa koo umepooza, na farasi wa hivyo hukosa hewa pale hasa unapoihitaji, dakika za mwisho za nyika.

Omba damu ichukuliwe na kuhifadhiwa. Ikiwa wiki mbili baadaye yule mpole amegeuka chui, damu hiyo itaonyesha kama alipewa dawa ya kumtuliza au ya kuficha maumivu.

Eksirei ni mjadala. Kwa farasi wa bei kubwa au wa ngazi za juu, piga: miguu, viungo vya nyuma, mgongo. Lakini picha isomwe pamoja na farasi mwenyewe. Kuna wenye picha mbaya wanaoshindana miaka kumi, na wenye picha safi wasiomaliza msimu.

Daktari hatakuambia "nunua" au "acha." Atakuambia hatari iliyopo kwa kazi unayoitaka. Kwa hiyo mwambie ukweli kuhusu kazi hiyo. Ukimwambia unataka kufika nyota tatu na kumbe unataka kuruka sentimita 90 na mwanao, utamkosa farasi mzuri bure.

Ni kasoro gani zinavumilika?

Makovu ya zamani ya ngozi, uvimbe baridi mdogo usiouma, shingo isiyo nzuri, dresaji ya wastani, tabia ya kukataa kukamatwa malishoni. Kwato zilizopasuka kwa kutotunzwa zinarekebishika na fundi mzuri. Zenye umbo baya tangu kuzaliwa ni habari nyingine. Mimi sivumilii historia ya kano kwa mtu anayetaka kupanda ngazi, kugoma kulikozoeleka, na kusimama kwa miguu ya nyuma. Hilo la mwisho hata akiwa bure.

Mkataba uandikweje?

Jina la mwenye mali halisi, namba ya chipu iliyo chini ya ngozi ya farasi, inayolingana na pasipoti yake, bei, kazi anayonunuliwa kuifanya, na yote aliyokiri muuzaji kuhusu tabia na afya. Ukilipa amana, iandikwe kwamba inarudi akishindwa uchunguzi wa daktari. Mkikubaliana kipindi cha majaribio, andikeni nani anabeba hasara akiumia, na bima ianze kabla hajapanda gari. Pasipoti peke yake si lazima iwe ushahidi wa umiliki, kwa hiyo dai risiti.

Nikishamleta, nisubiri muda gani kabla ya kushindana?

Kwanza mtenge na farasi wengine wiki mbili au tatu, asije na maradhi. Endelea na chakula alichozoea na ubadilishe polepole. Mwite fundi wa tandiko: lile lililomkaa farasi wako wa zamani pengine litambana huyu begani. Fundi wa kwato aje kila baada ya wiki 6 hadi 8.

Kisha miezi miwili au mitatu ya kuzoeana, na safari mbili tatu za mazoezi kwenye nyika za watu wengine. Shindano la kwanza liwe ngazi moja chini ya ile aliyozoea, hata kama mwenye naye wa zamani atacheka. Akikugomea, usimwandikie muuzaji usiku huo huo. Angalia tandiko, meno, mgongo na mikono yako mwenyewe kwa mpangilio huo, kisha mpeleke kwenye vizuizi vya sentimita 60 mpaka aanze tena kuvuta masikio mbele.